Mashine Iliyowaonea Haya Wageni

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu. La, hapo pana kosa. Ilikuwa ishirini na nne, maana ndio mwaka ambao joto lilizidi Juba hata shule zikafungwa mwezi wa tatu, na watoto wa mtaa wa Gurei wakawa wanashinda wamelala chali kwenye sakafu za saruji, wakihama pamoja na kivuli. Ishirini na tatu ndio mwaka mkono wa Fulgensio ulipoanza kutetemeka. Mtu huchanganya, kwa sababu mkono na mashine vilikuja vikifuatana, na ukitaka kueleza kimoja unajikuta umeshika kingine.

Fulgensio ni seremala. Alikuja kutoka upande wa Masaka, Uganda, zamani kidogo, akiwa na msumeno, patasi zake, na mke wake Namukasa, ambaye naye alikuja na sanduku la vitambaa vya kufuma. Habari za vitambaa zitafika, zisiharakishwe. Kazi iliyomjulisha Fulgensio mjini ni herufi. Milango na vitanda kila seremala anatengeneza. Lakini mtu akitaka jina lichongwe ndani ya mti, likae humo, mvua inyeshe jua liwake, aliambiwa nenda Gurei umuulize yule Mganda wa herufi. Alichonga majina ya shule, majina ya hoteli ambazo sasa hazipo, na misalaba ya makaburini. Herufi S yake ilikuwa na kiuno. Watu walisimamisha boda kuitazama.

Kisha mkono wa kulia ukaanza. Mwanzo ilikuwa kikombe kugonga kisahani tu. Halafu akachonga msalaba wa mzee Swaka, Mungu amrehemu, na jina likatoka kana kwamba limeandikwa juu ya bodaboda kwenye barabara mbovu. Wafiwa walikuwa watu wa adabu, wakasema ni zuri. Fulgensio alijua si zuri. Tangu siku ile hakushika patasi mbele ya mtu, na akikaa na wageni aliuweka mkono mapajani na kuutandazia leso, kama mtu anayeficha kipande cha mkate. Watu akawaambia macho yake yamechoka. Aliamini ukweli anaujua Namukasa peke yake.

Sasa Chol. Huyu ni mwana wa nchi, ila amelelewa Nairobi, akarudi na Kiswahili cha huko na ndevu. Ana kibanda cha kutengeneza kompyuta Atlabara, karibu na chuo kikuu. Alikuwa ameleta kwa basi, kipande kwa kipande, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta: meza ya bati, daraja la alumini linalotembea juu yake, na kichwa chenye kisu kinachozunguka kwa kasi. Wenye kazi hiyo huiita siensii. Namukasa aliiita "mgeni wako". Chol alikuwa na mashine hana mbao, Fulgensio alikuwa na mbao na, kama alivyosema, hana macho. Wakakubaliana mashine ikae Gurei.

Kinachosogeza lile daraja ni mota zinazokwenda kwa hatua ndogo ndogo, ndogo kuliko za mtoto anayejifunza kusimama. Kila mota ina draiva yake, yaani kibao kidogo kama biskuti, kinachoigawia umeme na kuiambia sasa piga hatua, sasa nyingine. Draiva zote hukaa pamoja ndani ya kisanduku cha plastiki chenye feni ubavuni. Na kompyuta haina macho. Inaamini tu kwamba ilichoagiza kimefanyika. Draiva ikikata umeme kidogo, mota inakosa hatua, na hakuna anayemwambia mwenzake. Mashine inaendelea kuchonga mahali pasipo pake kwa uaminifu ule ule.

Siku ya kwanza kuiwasha, mota moja haikuzunguka. Ilitetemeka. Ilinguruma pale pale ikitikisa shingo kulia kushoto, kulia kushoto. Fulgensio aliangalia pembeni. Aliona aibu kwa niaba yake.

"Imepatwa na nini?" akauliza, mkono wake mwenyewe ukiwa mfukoni.

"Haijapatwa na kitu, mzee. Ni waya zimechanganyikana," Chol akasema. "Huku ndani kuna misokoto miwili. Kila moja iko na ncha mbili. Ukiunganisha ncha ya huyu na ya yule, mota haijui imsikilize nani. Zima jenereta nikuonyeshe."

Akaichomoa mota, akamwambia Fulgensio azungushe shingo ya mota, kile kijiti cha chuma kinachochomoza, kwa vidole vya kushoto, naye akawa anagusanisha waya mbili mbili. Akigusa hizi, shingo inazunguka kwa ulaini. Akigusa zile, inakaza ghafla kama ng'ombe aliyekataa kuvuka.

"Umesikia? Hizo ni ndugu," Chol akasema. Akazipanga upya, wakawasha, na mota ikazunguka kama haijawahi kuwa na neno. Fulgensio alisogea karibu aitazame. Alikuwa amejifunza kwamba kuna kutetemeka kunakoisha kwa kupanga waya, na jambo hilo likamwingia.

Shida ya pili ilikuwa kosa la Fulgensio. Chol alimwonya: usichomoe kamwe waya wa mota wakati umeme unapita, utaua draiva. Fulgensio alisikia vizuri. Lakini Namukasa aliita chakula kipo tayari, na Fulgensio, mtu wa heshima, alichomoa waya ili mashine nayo ipumzike. Pakatoka sauti ndogo, tk, na uzi wa moshi wenye harufu ya kwato zinazoungua. Chol alipofika hakugomba. Aliweka kibao kipya, na kilichokufa akampa.

"Weka, mzee. Kila mtu huua moja. Mimi niliua kabla hata sijamaliza kusoma maagizo."

Fulgensio alikiweka kwenye mfuko wa shati, na wengine wanasema bado kimo.

Basi mashine ikawa nzima. Ikachonga maua, ikachonga jina la Namukasa kwenye ubao wa kukatia nyama, naye akakataa kukatia nyama juu ya jina lake. Ndipo ikaja kazi yenyewe.

Pale Gurei wapo Waganda na warejeaji kutoka Kenya wanaosali pamoja kwa Kiswahili, jumuiya ya Mtakatifu Monika. Mwenyekiti wao ni Yar, mama mpana wa mabega aliyekulia Kitale, anayeuza nguo Konyo Konyo na anayejua kunyamazisha soko zima kwa kuvua miwani. Jumuiya ilikuwa imepata kibanda chake cha sala, na kibanda kilitaka jina mlangoni. Yar alileta ubao wa mtiki, mzito, mkavu, uliokuwa meza ya marehemu babake. Mwingine kama huo hakuna.

"Baba Shallon," akamwambia Fulgensio, maana binti yake wa kwanza ni Shallon, "jina la Monika nataka likae kwa hii mbao. Padre atalibariki Jumapili ya Matawi. Wengine wanasema tupatie Arthur, eti wewe umechoka. Mimi nimesema huyu mzee bado."

Arthur ni Mganda vilevile, kijana wa kutosha, mwenye duka la kuchapa mabango ya plastiki Atlabara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na mashine ambayo haijawahi kukosa.

Sasa utaona kilichokuwa hatarini. Mkono wa Fulgensio haukuweza tena. Kama mashine nayo ingeshindwa, basi mtu wa herufi amekwisha, na amekwisha mbele ya jumuiya nzima, juu ya meza ya babake Yar. Hakuna aliyelisema hivyo, lakini Fulgensio alilala nalo na kuamka nalo.

Kwaresima ile jumuiya ilikutana kila wiki kwenye karakana yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na paa pana. Na hapa ndipo pa kusema habari za vitambaa.

Namukasa ametoka katika nyumba ambamo kitu cha thamani hakikai uchi mbele ya wageni. Redio ina kitambaa chake. Televisheni ina chake chenye pindo la waridi. Viti vina vya mgongoni na vya mikononi, mtungi wa maji una kofia, na jagi la maziwa lina kimoja chenye shanga pembeni ili upepo usikipeperushe. Jumuiya ikitarajiwa, Namukasa hufungua sanduku na kuivalisha nyumba yote, kisha huirudisha katika nguo za kawaida wageni wakiondoka. Hafikirii anapofanya. Ni kama mtu kujifunga kitenge kabla ya kufungua mlango. Na mashine, tangu ilipoingia, ilikuwa mgeni na tena ya thamani. Kisanduku cha draiva, kwa kuwa ndicho chenye taa ya kijani inayopendeza, kilipata kitambaa kikubwa cha buluu cha nyuzi nzito, alichokifuma wakati wa mimba ya Shallon.

Wiki ya kwanza wanajumuiya walikuja, wakaketi, na Fulgensio akaiwasha mashine waone jina likizaliwa. JUMUIYA ikatoka nzuri, imesimama wima. Watu wakaguna kwa furaha. Wakaanza rozari, mashine ikiimba nyuma yao. Walipofika katikati ya rozari, lile daraja likasita, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Likaendelea. Likasita tena. Watu walipofungua macho, neno MTAKATIFU lilikuwa limepanda mgongoni mwa JUMUIYA kama watoto kwenye boda moja.

Yar akavaa miwani. Akauangalia ubao wa babake. Akavua miwani, na pakawa kimya.

"Una upande wa pili," akasema hatimaye. "Bahati yako mbao iko na pande mbili."

"Ssebo," Arthur akamwambia Fulgensio wakitoka, akimwita bwana kwa Kiganda, kwa upole kabisa, "mimi iko na bango. Rangi yote iko. Na Monika mwenyewe tunaweka sura yake, anacheka."

Chol alikuja kesho yake kwa boda, mkoba wa zana kifuani. Hapa tutazame kwa makini alichofanya, kwa sababu alikifanya kila alipokuja. Alifika, akaikuta mashine imewashwa kumsubiri, imevaa kwa kuwa yeye naye ni mgeni, akaizima. Namukasa hakumruhusu kugusa kazi kabla ya chai, maana hiyo ni nyumba ya watu. Chol, kijana aliyelelewa vizuri, akakiondoa kitambaa juu ya kisanduku, akakikunja pembe kwa pembe, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Akanywa chai. Akala mandazi. Akaulizwa habari za mama. Kisha ndipo akafungua kisanduku na kuweka kidole juu ya draiva.

"Nilidhani ni joto," akasema. "Draiva ikipata moto sana hujizima yenyewe, ikipoa inarudi. Lakini guza, mzee. Iko poa. Iko baridi kuliko hii chai."

"Kwa hiyo si joto," Fulgensio akasema.

"Si joto."

Akahamisha draiva ya mota inayosita akaiweka kwenye mota nyingine, na ya ile akaileta huku, ili aone kama ugonjwa utahama na kibao. Wakajaribu kwenye kipande cha mbao laini, kisanduku kikiwa wazi. Mashine ikachonga mchana kutwa bila kosa. Chol akasema basi, kibao hakikuwa kimekaa vizuri. Namukasa akamfungia mandazi ya safari.

Wiki iliyofuata jumuiya ikaja, vitambaa vikatoka, na mashine ikasita kwenye kipande cha majaribio, mota ile ile. Chol akarudi. Akakunja kitambaa. Akanywa chai. Akabadilisha waya wote wa mota. Ikafanya kazi. Wageni wakaja, ikasita. Chol akarudi, akanywa chai, akachukua bisibisi ndogo na kugeuza kile kiskrubu kwenye draiva kinachopanga nguvu ya umeme, akisema labda mota ina njaa. Alikizidisha. Ikafanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Wageni walipokuja ikasita mapema zaidi, kabla hata ya kumaliza Nasadiki.

Kila mtu sasa akawa na maelezo yake. Fulgensio aliishuku jenereta. Namukasa alisema mashine ina haya, haijazoea watu, hata yeye alipoolewa hakuweza kula mbele ya wakwe.

"Si haya," Yar akasema. "Hii kitu inachonga siku zote, tukianza kusali inakataa. Mimi nauliza tu. Ilitoka kwa nani? Isije ikawa si Mkatoliki."

"Mama, ni mashine," Chol akasema.

"Najua ni mashine. Nimeuliza ya dhehebu gani."

Arthur akacheka hadi akashika ukuta. Fulgensio naye alicheka, lakini mkono chini ya leso haukucheka. Siku zilikuwa zinakwisha. Wiki ile ndipo shule zilipofungwa, na hewa ilikuwa kama mtu anakupumulia usoni. Yar alipokuwa anaondoka alimvuta kando.

"Baba Shallon, Jumamosi. Ikifika Jumamosi jioni hakuna jina, Arthur ataweka plastiki. Sitapenda. Lakini sitamwambia padre abariki misumari mitupu mlangoni."

Wakaamua, yeye na Chol, kuchonga Jumamosi asubuhi, peke yao, bila mgeni. Wakaugeuza ubao wa mtiki upande wa pili, ule uliokuwa chini ya meza, wenye alama ya mahali ambapo marehemu alikuwa anabandika ubani wa kutafuna. Wakaubana vizuri. Kisanduku wazi. Chol akabonyeza, na JUMUIYA ikaanza kutoka, wima, safi, unga wa mtiki ukinukia. Mti ule ulikuwa mgumu, kwa hiyo mashine ilikwenda polepole, ikirudia kila herufi tena na tena kwa kina kidogo kidogo. Mtu asiyechonga mti hajui furaha ya kukaa hivyo akitazama. Fulgensio aliketi kwenye kigoda na akasahau kuficha chochote.

Ndipo lango likagongwa.

Ilikuwa jumuiya. Yar alikuwa amefikiri. Kama mashine ilikuwa na tatizo na sala, basi isaliwe kabisa, si kwa kupita, bali kwa nguvu, na mapema kabla jua halijakuwa kali. Wamekuja wote, na matawi ya kesho mikononi. Arthur alikuja pia, na bango lililokunjwa kwapani, kwa tahadhari tu.

"Tusiizime?" Fulgensio akamnong'oneza Chol.

"Ukizima katikati, kupata tena mahali pale pale ni shida, mzee. Wacha iende."

Namukasa hakuwa amejiandaa. Alikimbia ndani, akarudi na sanduku, na kwa muda ambao wageni walitumia kuvua viatu, karakana yote ilikuwa imevaa. Redio, mtungi, viti. Kitambaa cha buluu kikatua juu ya kisanduku. Na kwa kuwa alimwona mumewe hana leso, akachukua kimoja cha televisheni, kile cha waridi, akamtandazia mapajani juu ya mkono, taratibu, kama mke anavyojua.

Rozari ikaanza. Fulgensio aliitikia kwa mdomo, macho yakiwa kwenye daraja. YA ikaisha. MTAKATIFU ikaanza. Chini ya kitambaa cha waridi mkono wake ulitetemeka, na kadiri alivyoogopa ulitetemeka zaidi, na kadiri ulivyotetemeka ulitoa jasho. Nyuzi zile nzito hazipitishi hewa. Mkono ulikuwa unapikwa. Akatamani kuutoa apate upepo kidogo, lakini mbele ya watu, hapana. Akauacha uteseke. Akawaza, maskini mkono, umevalishwa vizuri na hauwezi kupumua.

Akainua macho. Mbele yake, kwenye meza, kisanduku kilikuwa kimekaa kama yeye. Kimevaa vilevile. Ubavuni, mahali pa feni, kitambaa cha buluu kilikuwa kimefyonzwa ndani kikabana, kama shavu la mtu asiye na meno. Feni ilikuwa inavuta, inavuta, na haipati kitu.

Hakufikiri zaidi ya hapo. Alisimama katikati ya Salamu Maria, kitambaa cha waridi kikaanguka, akavuka miguu ya watu wawili, na kwa mkono uleule wa kulia, unaopiga kama bawa la kuku, akakinyakua kitambaa cha buluu mbele ya jumuiya nzima. Joto lililotoka lilimpiga usoni. Daraja likasita, mara moja tu, kidogo sana. Kisha hewa ikaingia, feni ikabadili sauti, na daraja likaendelea.

Rozari ilikuwa imekufa. Watu wote walimtazama. Naye alikuwa amesimama pale na kitambaa kikichezacheza mkononi mwake kama bendera, na hapakuwa na leso popote.

"Ni joto," akasema. "Chol, ni joto. Tulikuwa tunakifunika."

Chol aligeuka. Akatazama kitambaa. Mtu angeweza kuona wiki zote zile zikipita usoni pake, chai moja baada ya nyingine.

"Mimi ndiye nilikuwa naitoa," akasema polepole. "Kila siku naitoa, naikunja, nakunywa chai, inapoa. Halafu nasema iko baridi."

"Na mimi nikaongeza mandazi," Namukasa akasema.

Lakini Fulgensio hakuwasikia. Alikuwa ameona watu wanautazama mkono. Akajaribu kuurudisha nyuma, na kitambaa kikaenda nao kikicheza.

"Mmeona," akasema kwa sauti ndogo. "Basi mmeona. Si macho."

Yar akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo.

"Baba Shallon, hiyo mkono tunaijua tangu Krismasi. Ulimmiminia padre chai kwenye kiatu. Sote tuliangalia dari."

"Mimi najua tangu msalaba ya mzee Swaka," Arthur akasema. "Ile herufi ilikuwa inacheza dansi."

"Arthur," Yar akasema.

"Nasema tu tunajua, Mama."

"Sasa keti," Yar akamwambia Fulgensio, "tumalize Salamu Maria ya watu. Umeikata katikati kama ugali."

Akaketi. Mkono akauacha juu ya goti, wazi, ukitetemeka utakavyo, na wakati wote wa sala hakuna aliyeutazama ila mtoto mmoja wa kubebwa, aliyeupenda. Chol aliisimamisha mashine kidogo, akalirudisha daraja mstarini kwa vitufe, nayo ikamaliza MTAKATIFU, ikamaliza MONIKA, ikanyamaza. Chol alipokuwa anaondoa unga kwa brashi waliona kwamba A ya pili ya MTAKATIFU, ile iliyokuwa inachongwa pale mkono ulipofika, imepanda juu ya wenzake kidogo, kwa unene wa kucha, kama mtu mfupi anayejiinua kumwona padre.

"Nitaifuta kwa patasi?" Fulgensio akauliza, kisha akakumbuka.

"Usiiguse," Yar akasema. "Hiyo ndio ya kwako. Hizo zingine zote ni za mashine."

Namukasa peke yake ndiye alikuwa hajapona. Alikikunja kitambaa chake cha buluu polepole sana, pembe kwa pembe.

"Kwa hiyo ni kitambaa changu," akasema. "Mimi ndio nilikuwa naua mgeni."

Chol, ambaye alikuwa amekula mandazi yake mengi na alijua deni la moyo, akakiomba kitambaa kile, akakitandaza mezani, akakiweka kisanduku juu yake. Kikapendeza kuliko mwanzo. Feni ikavuta bila shida.

"Chini, mama, siku zote. Juu, hapana. Juu tuache wazi kabisa."

"Hata ua la plastiki?"

Chol alifikiri kama mhandisi.

"Ua moja. Upande wa mbali na feni."

Na mpaka leo ua lipo. Ubao uko juu ya mlango wa kibanda cha sala, Gurei, wanaotaka kuuona waende, na wageni wote husifu ile A, wakidhani ndivyo wanavyochonga huko Masaka. Bango la Arthur, lenye Monika anayecheka, halikupotea. Alimpa Namukasa zawadi, na Fulgensio aliporudi kutoka misa ya Matawi alikuta jenereta imefunikwa nalo, inaunguruma kwa taabu, Mtakatifu Monika akicheka juu yake. Akalitoa. Siku hizi limefunika kuni.

Yeye kazi anayo. Anapanga herufi kwenye kompyuta kwa kidole kimoja cha kushoto, anachagua mti, anakaa kwenye kigoda na kutazama. Leso ameacha. Lakini kuna swali lililobaki naye. Alimwuliza Chol siku moja, walipokuwa wawili tu, na Chol akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Alimwuliza Namukasa, naye akainama kuhesabu matundu ya ufumaji. Alimwuliza hata Virginia, muuguzi wa kliniki, ambaye alimpima presha akampa vidonge vya kichwa. Mota ilitetemeka, tukapanga waya, ikaacha. Draiva ilizimia, tukaondoa kitambaa, ikaamka. Sasa huu mkono, wenyewe umefunikwa na nini?